Kavira na Usukani wa Kuume

"Miye niliendesha kamio ya tani makumi ine toka Lisbonne mpaka Varsovie, na mvua, na theluji, sikugusa hata kuku. Barabara ya Mahagi itanifanya nini?"

Maneno hayo Kavira aliyasema kwenye redio, Jumamosi asubuhi, saa ambayo Bunia nzima inafua nguo na masikio yako wazi. Kipindi kilikuwa juu ya vijana na simu. Mchungaji mmoja alikuwa ametoka kueleza namna mtandao unavyoozesha akili: vijana hawasali, hawaogi, wanajua majina ya wachezaji wote wa Brazili na hawajui jina la nyanya yao. Mtangazaji akaomba kijana yeyote apige simu, aseme jambo moja la maana alilojifunza huko. Simu ikakaa kimya mpaka mchungaji akaanza kukohoa kwa furaha. Ndipo Kavira akaingia na Lisbonne yake ya Ulaya.

Kufika saa ya kula, mji ulikuwa umeshampa majina. Mama yake, Mama Vahwere, anayeuza vitunguu na samaki wa chumvi kwenye soko la Nyakasanza, aliulizwa na wateja kama leo ameleta vitunguu vya Varsovie. Watoto wa Bigo, mtaa wake, walimkimbilia Kavira wakinguruma kama injini. Motari mmoja alizima pikipiki katikati ya njia, akamwuliza kwa heshima zote:

"Mama shofa, mu theluji unawekaga vitesi ya ngapi?"

"Ya pili," Kavira akamjibu. "Na ile pikipiki yako haina hata gia ya kwanza."

Akapita kichwa juu. Lakini nyumbani chakula kilimshinda.

Uongo hakuwa amesema. Lori aliliendesha kweli, ila lilikuwa ndani ya kompyuta, kwa Abdoul. Abdoul ni mtoto wa mchimba dhahabu. Baba yake alipopata kitu kidogo kule machimboni, wengine walimshauri anunue ng'ombe, Abdoul akamshawishi wanunue kompyuta, skrini pana, na usukani wa plastiki wenye pedali tatu, ambao leo umezungushiwa raba ya tairi kwa sababu vijana wanaushika kama mtu anayezama. Hicho ndicho chumba cha michezo cha Bigo. Unalipa, unakaa, unakwenda popote.

Na msidhani kule watu wanapoteza wakati tu. Wanapoteza, ndiyo, lakini wanatoka na kitu mkononi. Roger alitoka na Kihispania cha watangazaji wa mpira: maji ya kunywa hawezi kuyaomba, lakini goli anaweza kulilia mpaka majirani waamke. Falone alijifunza kunyoa kwenye video za Waturuki, bila kuelewa hata neno moja, akiangalia mikono peke yake. Leo vichwa vya nusu ya Bigo ni vya Istanbul, kuanzia shingo kushuka ni vya hapa hapa. Angélique alijifunza kuoka keki ndani ya sufuria yenye mchanga. Ile ya kwanza ilikatwa kwa panga, lakini sasa ndizo zinazoliwa kwenye harusi, na watu wanaomba nyingine. Mchungaji hayo hakuyasema, ingawa ya harusi ya binti yake alikula vipande vitatu.

Kavira yeye alichukua lori. Ni mtu asiyejua kukaa. Walitoka Butembo akiwa mdogo, familia nzima juu ya mizigo, na tangu siku hiyo kila nyumba waliyopanga yeye analala karibu na mlango. Goti lake la kuume halitulii. Kanisani benchi zima linatetemeka, na kuna mwaka ambapo wamama waliokaa naye walidhani ni Roho anashuka. Alianza kushona, akaacha. Alianza masomo ya kuuza dawa, akaacha wakiwa bado kwenye majina ya vidonge. Mahali pamoja tu goti lile lilinyamaza: juu ya pedali ya Abdoul. Akawa anaendesha mchana kutwa, kwa utaratibu wa mzee wa kanisa. Wenzake walikuwa wanagonga magari makusudi ili wacheke, yeye alisimama kwenye taa nyekundu hata pasipo na mtu. Alijua uzito wa mzigo, alijua mlima kabla haujafika, alijua kwamba lori zito halisimamishwi na breki bali na akili ya mtu aliyepunguza gia mapema.

Sasa, kuna mtu alisikia redio na hakucheka. Papa Lucien ana lori moja na presha moja, vyote viwili vya juu. Shofa wake, muzee Isidore, alikuwa ameanza kuona ukungu saa sita ya mchana. Shofa wengine, kwa barabara ile ya Mahagi na watu wenye bunduki wanaojitokeza humo, ama walikataa, ama walitaja mshahara wa waziri. Mbao zake zilizopaswa kwenda Mahagi kuuzwa kwa Waganda zilikuwa zinakunjika kwa mvua. Akaja mpaka kwenye meza ya vitunguu, ambapo Kavira alikuwa anamsaidia mama yake.

"Ni weye wa Lisbonne?"

"Ni miye, papa."

"Kamio yangu haifikake Lisbonne. Inafikaga Mahagi, na siku ingine hata Mahagi inakatala. Utaweza?"

Mama Vahwere akatupa kitunguu chini. "Papa Lucien! Huyu mutoto anaendeshaga televizio!"

"Mama, Isidore aliendeshaga kamio ya kweli, na leo haone hata mukono yake. Acha nijaribu ule anaonaka televizio." Akamgeukia Kavira. "Safari moja. Ukifikisha mbao, volani ni yako. Ukiniharibia, urudi ku vitunguu, na hiyo redio usikanyage tena."

Kusikia volani, usukani wa kweli, Kavira alikuwa ameshavaa viatu.

Kule wanakopaki malori, shofa wote waliacha karata kuja kumtazama. Kavira akafungua mlango wa kushoto, akapanda kama mwenye nyumba, akakaa, akafunga mlango. Mbele yake palikuwa na sanduku la glavu na picha ya Bikira Maria. Usukani ulikuwa upande mwingine.

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Malori yetu mengi yanaingia kwa upande wa Uganda. Kule watu wanatembea kushoto, kwa hiyo usukani uko kuume. Siye tunatembea kuume, na usukani tumeuacha kuume vile vile, kwa sababu nani ana nguvu za kuuhamisha? Maana yake shofa wa kwetu anakaa upande wa mtaro. Anaona vizuri sana nyasi, mbuzi na wamama wa ndizi. Lakini akiwa nyuma ya gari lingine anataka kulipita, kile kinachokuja mbele hakioni. Anayekiona ni konvoyeri, mtu wa kiti cha kushoto, anayefunga mzigo, anayebadili tairi, na mwenye kazi moja kubwa kuliko zote: kuita. Akisema "Bakia," shofa anabaki nyuma. Akisema "Ingia," shofa anazungusha usukani na kutoka kwenda mahali ambapo macho yake hayafiki.

Hilo Kavira hakulijali. Kilichomuuma ni kiti. Alikimbia mpaka kwa Abdoul.

"Abdoul, nihamishie volani kuume."

Abdoul akahangaika na kompyuta. "Haikubali. Labda uende Angleterre. Kule bakamio yote iko na volani kuume."

"Basi nipeleke Angleterre."

Wiki yote akakaa Uingereza. Mikono ikazoea, goti likanyamaza, kioo cha kuume kikawa rafiki. Kwamba na barabara yenyewe ilikuwa imehamia upande wa kushoto, hilo yeye na Abdoul waliliona kuwa shida ya Waingereza.

Wakaondoka asubuhi, mbao zimefungwa kamba, Papa Lucien akibaki nyuma anawapungia. Kiti cha kushoto alikaa Delphin, konvoyeri wa lori hilo tangu likiwa na rangi. Delphin ni mrefu, mdomoni ana kijiti, na amekuwa anasema "mwaka kesho nakuwa shofa" kwa muda mrefu hata wadai wake wamelisahau. Bunia ilipobaki nyuma akamwambia:

"Dada, tusikilizane. Mbele kukiwa kamio ingine, ni miye nasema. Bakia ni bakia. Hata uone Yesu anashuka, unangoja niite."

"Nilishavuka milima ya Alpes peke yangu."

"Alpes iko na bamotari?"

"Hapana."

"Basi haujavuka kitu."

Barabara ilikuwa nyekundu, ina mashimo ambayo mvua imeyachimba kwa bidii kuliko wachimba dhahabu, na lori lilikuwa linalia kila ubao. Kwenye skrini ya Abdoul kiti hakikurushi. Hapa kila shimo lilimpanda mgongoni. Lakini mikono ilijua. Walipofika kwenye mteremko mrefu, ule ambao Isidore aliushuka siku zote kwa breki huku Delphin akishika mlango tayari kuruka, Kavira alipunguza gia juu kabisa, kabla ya kushuka. Injini ikanguruma kama inaibiwa. Lori likashuka polepole, zito, tiifu. Chini Delphin akanusa hewa.

"Freni hainuke."

"Haikufanya kazi. Itanuka juu ya nini?"

Delphin akatoa kijiti mdomoni. "Uliweka ya ngapi?"

"Ya pili. Mbele ya kushuka. Ukingoja katikati, haiingie tena."

"Ya pili," Delphin akasema kidogo, kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Afadhali mteremko ule ungemshinda. Kwa sababu toka pale Kavira aliona hakuna kitu ambacho hakijui, na goti likaanza kucheza.

Karibu na Iga Barrière wakakuta lori la makaa, limejaa mpaka angani, linakwenda kama linasindikiza maiti, na nyuma yake vumbi kama ukuta. Delphin akachungulia dirishani.

"Bakia."

Wakabaki. Vumbi likaingia puani, kwenye meno, chini ya kope.

"Bakia."

"Mpaka saa ngapi?"

"Bakia, dada."

"Unaona nini huko?"

"Naona vumbi."

"Basi hauone kitu!"

"Ndiyo maana nasema bakia."

Goti likapiga usukani kwa chini. Kavira alijiona anaonewa. Huyu mtu, akawaza, amekaa kwenye kiti cha abiria miaka yote, leo amepata mwanamke wa kuamrisha. Vumbi likapungua kidogo mbele, rangi ya barabara ikatokea, na mkono ukaenda wenyewe. Lori likatoka nyuma ya makaa, likapanda upande wa kushoto.

"Bakia! Bakia!"

Pikipiki ilikuwa pale, mbele yao, na bidoni za maziwa pande zote mbili kama masikio ya tembo.

Shofa yeyote wa huku kwetu Ituri, hata mlevi, angekanyaga breki na kurudi kuume, nyuma ya makaa. Motari naye alijua hivyo, akakimbilia upande wake wa mtaro, akimwachia lori njia ya kurudi. Lakini mikono ya Kavira ilikuwa imelala Uingereza wiki nzima, na Uingereza ukiona kitu mbele, unakimbilia kushoto. Akakimbilia kushoto. Kushoto kwa Kavira na kuume kwa motari ni mtaro mmoja.

Alikanyaga breki kwa miguu miwili. Mbao zikapiga ukuta wa kabini. Lori likasimama limeinama, tairi ya mbele juu ya ukingo, na pikipiki haikuonekana tena.

Delphin alikuwa ameshuka kabla vumbi halijatua. Kavira akaruka nyuma yake. Pikipiki ilikuwa ndani ya mtaro, gurudumu bado linazunguka. Maziwa yalikuwa yanatembea juu ya udongo mwekundu, meupe, taratibu, yakitafuta mahali pa kulala. Motari, kijana aitwaye Chance, alikuwa katikati ya shamba la viazi, ameketi, ameshika bega, mzima wa mdomo.

"We mama!" alipiga kelele. "Nilikukosea nini? Nakimbia huku, unakuja huku! Ulitaka kunifuata mpaka mu nyumba?"

Watu wakatoka mashambani na vijiti vyao, kama watu wanavyotoka. Walikwenda moja kwa moja mlango wa kuume wamtoe shofa wamfundishe. Kabini ilikuwa tupu. Walipoelezwa kwamba shofa ni yule msichana mwenye sketi, anayetetemeka kando ya mtaro, hasira ikakosa pa kukaa. Bibi mmoja akauliza, "Sasa tunapiga ao tunamupa maji?" Wakampa maji.

Delphin akamvuta nyuma ya lori.

"Nisikilize. Papa Lucien ameshapigiwa simu, anakuya na pikipiki. Nitamuambia niliita mubaya. Niliita ingia."

"Juu ya nini?"

"Atanitukana. Matusi yake nimezoea, nayajua kwa mupango. Lakini ukisema weye uliingia juu ya kichwa yako, volani imeisha leo. Na kamio ikikosa shofa inalala, na miye ninalala na njaa. Nyamaza tu."

Papa Lucien alifika akiwa amekasirika njia nzima. Akatazama tairi, akatazama mbao, akamtazama Chance ambaye bega lake lilikuwa linafungwa na kitambaa. Kisha akauliza swali ambalo kwenye malori yetu linaulizwa kwanza, kabla ya jina la majeruhi:

"Nani aliita?"

"Ni miye, papa," Delphin akasema. "Niliita ingia. Vumbi ilinidanganya."

"Weye." Papa Lucien akamkazia macho. "Vumbi ya miaka yote haikukudanganya. Ya leo iko na nini?"

"Ilikuwa mingi, papa."

Kavira alikuwa amesimama hapo, na usukani wake ulikuwa bado wake. Ilimtosha kufunga mdomo. Alimtazama Delphin, ambaye jina lake lote mjini ni hilo tu, kwamba haiti vibaya. Shofa wanamgombania kwa hilo. Kesho kule wanakopaki wangesema: Delphin ameanza kuzeeka macho kama Isidore. Goti likawa linacheza mpaka sketi inapepea.

"Anadanganya," akasema.

"Kavira!" Delphin akamkemea.

"Anadanganya, papa. Aliita bakia. Aliita mpaka nikamuchukia. Miye niliingia. Na nilipoona pikipiki, mukono ilienda kushoto, juu wiki yote nilikuwa najifunza na barabara ya Bangereza."

Papa Lucien akakaa juu ya jiwe. Akaomba maji yale yale ya bibi.

"Barabara ya Bangereza," akasema mwishowe. "Na mbao ni yangu." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Kavira akautoa. Papa Lucien hakuuweka mfukoni. Alimtupia Delphin.

"Weye ulisemaka mwaka kesho. Imefika."

Kijiti kikamwanguka Delphin. "Papa, sijaendeshaka na mizigo! Naendeshaga mu parking tu!"

"Utajifunza. Na huyu mama wa Alpes atakaa kushoto. Ataita. Bashofa bote ya hii mji baliita kwanza, hata Isidore aliita. Yeye aliruka darasa."

"Mpaka siku gani, papa?" Kavira akauliza.

"Mpaka Delphin aseme."

Watu wale wale waliokuja kupiga ndio waliosukuma lori kutoka ukingoni. Wakaendelea. Sasa aliyekuwa anatoka jasho ni Delphin, ameushika usukani kama kuku anayetaka kuruka, na Kavira upande wa pili, mikono haina kazi, goti linapiga mlango. Kwenye mteremko uliofuata alimwona Delphin anapeleka mguu kwenye breki.

"Ya pili," akasema. "Sasa. Hapana katikati."

Delphin akaiweka. Lori likanguruma, likashuka kwa adabu.

Kisha wakalikuta lingine mbele, la mahindi, na vumbi lake. Kutoka kiti cha kushoto barabara yote ilikuwa ya Kavira. Aliweka kichwa nje. Vumbi likafunguka, likafunga, likafunguka.

"Bakia," akasema.

Delphin akabaki. Hakuuliza anaona nini. Ndani ya vumbi ikatokea pikipiki yenye baba, mama, mtoto na godoro, ikapita, mtoto akawapungia mkono.

"Bakia." Akatazama tena, mbali zaidi, mpaka kona. Hakuna kitu. Akatazama mara nyingine, kwa sababu ya woga. "Ingia."

Delphin akaingia. Hakunyoosha shingo, hakupunguza mwendo, alizungusha tu usukani na kutoka kwenda asikokuona, na kijiti kipya mdomoni. Kavira hajawahi kuogopa vile, si ndani ya mtaro wala mbele ya wale watu wenye vijiti. Walipolipita lori la mahindi aligundua kwamba ameshika picha ya Bikira Maria, nayo imetoka mahali pake.

Mbao zilifika Mahagi. Waliporudi na mzigo wa maharage Kavira aliita njia yote, sauti imekauka, na mara mbili Delphin alimwambia apumzike kidogo, akakataa. Amefanya safari nyingine tangu hapo. Kila wanaporudi Bunia anamwuliza Delphin, "Nimeiva?" na Delphin anatazama angani, anasema bado kidogo, kwa sababu ameonja usukani na ni mtamu. Wanagombana toka soko mpaka Bigo. Kwa Abdoul anapita bado, lakini hakai. Anasimama nyuma ya yule anayeendesha na kumpigia kelele abakie.

Ile siku ya kwanza ya kurudi, alimwomba Delphin asimamishe Iga Barrière. Akamtafuta Chance, akamkuta mbele ya nyumba, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, anakemea mbuzi. Akamwuliza yale maziwa yalikuwa ya bei gani, amlipe.

Bidoni ya lita makumi mbili, franka elfu arobaini, Chance akasema, na Kavira akaanza kuhesabu.